Mama mdogo hatafuni kitu

Watoto wa mtaani kwetu Morogoro walimpa mama mdogo wangu jina la Bi Big G. Ukimkuta barazani jioni utaelewa kwa nini. Taya linakwenda kulia, linarudi kushoto, midomo inajikunja kama ya mtu anayeonja ndimu, kisha ulimi unachungulia nje na kurudi ndani upesi. Inaweza kuwa dakika moja, inaweza kuwa saa nzima. Akisinzia kila kitu kinatulia, akiamka kinaanza upya. Na mdomoni hamna kitu.

Yeye mwenyewe amejitafutia dawa, nayo ni pindo la khanga. Akiona mgeni anapanda ngazi analivuta mpaka puani na kuzungumza akiwa nyuma yake. Harusini hataki tena kwenda kwa sababu huko watu wanapigwa picha, na mpiga picha hangoji ulimi urudi ndani. Nilipomwuliza haya mambo yalianza lini, alinikazia macho. "Mwanangu, mimi ningejuaje? Nyie ndio mlioanza kuniangalia hivyo."

Kwenye familia yetu kuna majibu matatu. Mjomba anasema ni ugonjwa wake wa akili uleule, umebadilisha njia tu. Mama mkubwa anasema ni jini, na anamjua aliyemtuma. Mimi nilisema ni dawa. Mama mdogo amechomwa sindano ya mwezi, Modecate, kwa miaka 19, na kabla ya hapo alikuwa akimeza vidonge vya haloperidoli. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Basi mwaka jana nikampeleka kliniki mwenyewe, hasira zangu nimezipanga kama nguo za sikukuu. Nilitaka mtu akiri. Nesi aliyetupokea ni dada mpole, foleni nyuma yetu inafika nje kwenye mwembe. Nikamwomba aangalie faili: siku mama huyu alipoanza dawa, mdomo wake ulikuwaje? Alifunua karatasi moja baada ya nyingine. Dozi ipo. Tarehe ipo. Uzito upo mara chache. Kisha kila ziara mstari mmoja, mwandiko tofauti, maneno yaleyale: hali shwari, aendelee na dawa. Miaka 19, na neno mdomo halimo. Ulimi haumo, taya halimo.

"Kaka," akaniambia, "hapa siwezi kukwambia ni dawa, na siwezi kukwambia si dawa."

Siku ile niliona ananikwepa. Leo naona alisema ukweli kuliko sisi sote, mimi nikiwamo. Tunasema miondoko hii haina maelezo, lakini kwa wagonjwa wengi maelezo hayakupotea, hayakuwahi kuandikwa.

Ugonjwa ninaoushuku una jina, diskinesia tadivu. Diskinesia ni miondoko inayokuja yenyewe bila mtu kutaka. Tadivu ni neno lenye asili ya Kifaransa, maana yake ni kinachochelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoulinda usishikwe. Ukila kiporo kibovu jioni, usiku tumbo linakwambia cha kulaumu. Miondoko hii huja baada ya miezi, mara nyingi baada ya miaka, na pengine huonekana kwa mara ya kwanza siku dozi inapopunguzwa au dawa inapoachwa. Nani atakumbuka sindano ya miaka sita iliyopita?

Dawa zenyewe si za jana. Klopromazini, ambayo wengi tunaijua kama Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne, na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker. Haloperidoli ilifuata kutoka Ubelgiji mwaka 1958. Sitaki kuzibeza. Kabla ya sindano mama mdogo alikuwa anatoka usiku wa manane, peku, anafuata sauti mpaka stendi ya Msamvu. Baada ya sindano alipika vitumbua, akauza, akawasomesha watoto wawili. Mtu akiniambia dawa hizi ni sumu tu, namwuliza kama amewahi kumtafuta mamaye stendi saa nane usiku na tochi.

Lakini ilipofika mwaka 1957, Schönecker, daktari wa Ujerumani, alikuwa tayari ameandika kuhusu wagonjwa wa klopromazini ambao midomo yao ilikuwa inacheza yenyewe. Mwaka 1964 Faurbye na wenzake wa Denmark wakaupa ugonjwa jina. Kule Marekani, George Crane alipiga kelele mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba tatizo ni kubwa na wenzake hawataki kuliona. Alijibiwa kwamba ni nadra, au ni uzee, au ni ugonjwa wenyewe. Ukitoa jini, hayo ni majibu ya familia yangu.

Kinachotokea kichwani kinaelezwa hivi. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, nayo hufanya kazi kwa kugusa vipokezi. Dawa hizi huziba baadhi ya vipokezi hivyo, na sauti zinapungua. Ila vipokezi hivyohivyo vinatumika pia kuratibu misuli. Vikizibwa muda mrefu, ubongo unajirekebisha kwa kuvifanya vyepesi zaidi kushtuka. Fikiria redio yenye betri zilizochoka: unaongeza sauti, unaongeza tena, mpaka kitasa kinagota. Siku moja mtu anaweka betri mpya, nyumba nzima inaruka. Hii ni nadharia, haijibu kila kitu. Haisemi kwa nini wawili wakilala wodi moja, dozi moja, mmoja anatafuna hewa na mwingine yuko kimya kama jiwe. Lakini inaeleza mtego mmoja mbaya sana. Ukiongeza dozi, miondoko hutulia kwa muda. Ukipunguza, inapanda. Daktari anayeongeza anajiona amefaulu na anayepunguza anajiona amekosea, wakati huenda ukweli ni kinyume chake.

Si jambo dogo kwa idadi. Kwa vijana na watu wazima wanaotumia dawa za kizazi cha kwanza, yaani hizi za zamani, makadirio yanayokubalika ni kama watu 5 wapya katika 100 kila mwaka. Kwa wazee hali ni mbaya zaidi: karibu robo ndani ya mwaka wa kwanza. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 41, ulipata kiwango cha asilimia 30 kwa wanaotumia dawa za zamani, kama asilimia 21 kwa wanaotumia mpya, na kwa wale ambao hawakuwahi kugusa za zamani hata siku moja, kama asilimia 7. Hapa kwetu za zamani ndizo za bei nafuu, ndizo zinazopatikana dirishani, na sindano ya mwezi inaokoa nauli ya kijijini. Silalamikii hilo peke yake. Ninachosema ni kwamba anayelazimika kutumia dawa yenye hatari kubwa ndiye anayepaswa kuangaliwa zaidi, na sisi tumefanya kinyume.

Sasa nimpe mjomba haki yake, maana mimi nilimnyima kwa muda mrefu.

Kabla dawa hizi hazijazaliwa, Kraepelin, daktari wa akili kule Ujerumani, alikwisha andika kuhusu wagonjwa wanaokunja nyuso na kuchezesha midomo. Ladislav Haškovec wa Prague aliipa jina akathisia, ile hali ya mtu kushindwa kukaa kitako, mwaka 1901, nusu karne kabla ya Largactil. Na katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda Chennai, India, wakawapima wazee wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwapo, ambao hawakuwahi kupewa dawa yoyote ya akili. Walikuwa wachache, 21 tu, lakini zaidi ya theluthi yao walikuwa na miondoko hii, karibu sawa na wenzao waliotibiwa. Hata wazee wazima wa afya walipopimwa, baadhi yao walikuwa nayo. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe unaweza kuchezesha mdomo. Uzee unaweza. Kutokuwa na meno kunaweza: mzee aliyeng'oka meno ya chini hutafuta mahali pa kupumzisha taya, na mama mdogo wangu ana mapengo manne. Kwa kijana, tezi ya shingo iliyochachamaa inaweza, na ugonjwa wa Wilson, unaolundika madini ya shaba mwilini, unaweza. Kwa mtoto, homa inayoumiza valvu za moyo inaweza kuleta viungo vinavyorukaruka.

Wengi wakisikia habari za Chennai huzitumia kufunga mjadala: mnaona, si dawa. Mimi naona zinafungua mlango mwingine. Kama mdomo unaweza kucheza hata bila dawa, basi njia ya kujua ni moja: kumtazama mtu kabla hajachomwa sindano ya kwanza, na kuandika. Halafu kumtazama tena. Bila ukurasa ule wa kwanza mjomba atabaki na ugonjwa wake, mama mkubwa na jini lake, mimi na dawa zangu, na sote tutakuwa tunabahatisha.

Kumtazama kwenyewe hakuhitaji mashine. Kuna kipimo kinachoitwa AIMS, kilichotungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1976, kinachomaliza kama dakika 10. Unaanza kumwangalia mgonjwa akiwa kwenye benchi hajui kuwa anaangaliwa. Kisha unamwuliza kama ana kitu mdomoni, Big G au pipi, akitoe. (Kumbe watoto wa mtaani walianza uchunguzi vizuri, hawakuumaliza tu.) Unamwuliza habari za meno, kama anayo ya bandia na kama yanamsumbua. Anakaa, mikono juu ya magoti, nyayo chini. Anafungua mdomo mara mbili. Anatoa ulimi mara mbili. Kisha kidole gumba kinagusa vidole vingine kimoja kimoja, harakaharaka, sekunde 10 hadi 15, mkono huu na ule. Hapo ndipo siri hutoka, kwa sababu akili ikishughulika na vidole, mdomo unasahau kujificha. Anasimama, ananyoosha mikono, anatembea hatua chache na kurudi. Kila sehemu inapewa alama kuanzia 0 hadi 4. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2020 unataka kifanyike kila miezi 6 kwa walio hatarini zaidi, na walau kila miezi 12 kwa wengine. Wazee, wanawake na waliowahi kukakamaa na dawa hizi wamo kwenye kundi la kwanza.

Nesi mmoja, kiti kimoja, karatasi moja. Najua foleni ilivyo, mwembe ule nimekaa chini yake. Lakini mgonjwa wa sindano ya mwezi huja mara 12 kwa mwaka. Tukishindwa kupata dakika 10 katika ziara 12, tatizo letu si foleni peke yake.

Kuna jambo jingine linalotupoteza, nalo ni kwamba dawa hizi huleta miondoko ya aina zaidi ya moja, na dawa ya moja ni balaa kwa nyingine. Kijana anachomwa haloperidoli Ijumaa; Jumamosi shingo imepinda, macho yamepanda darini hayashuki, ulimi mzito. Familia inakimbilia kwa sheikh au kwa mchungaji, na kusema kweli siwalaumu, ukikiona kitu kile usiku utaamini lolote. Hiyo ni distonia. Artane, vile vidonge vidogo ambavyo kliniki huviita pia benzheksoli, huisaidia, na dawa ya aina hiyo ikipigwa kwa sindano shingo hurudi upesi hata mganga akapata sifa asizostahili. Mwingine anatembea ukumbi mzima, mbele na nyuma, hawezi kukaa, ndani anaungua. Hiyo ni akathisia. Wodini itasemwa amechachamaa, ataongezewa dozi ileile inayomchoma. Halafu yuko huyu wa tatu, mwenye tadivu, mdomo unatafuna. Kwake Artane haisaidii, na mara nyingi huzidisha. Lakini angalia bahasha za dawa za wagonjwa wetu: Artane imo mwaka hadi mwaka, kwa mazoea, kama chumvi kwenye mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa kila mtu kama kinga, na ikitolewa iwe kwa muda mfupi.

Na tusidhani haya ni ya watu wa akili tu. Plasil, kidonge cha kuzuia kutapika kilichomo kwenye droo za nyumba nyingi, ina metoklopramidi, nayo inaziba dopamini vilevile. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru iwekewe onyo kali kwa sababu ya diskinesia tadivu: isizidi wiki 12. Ulaya mwaka 2013 wakaibana zaidi, siku 5. Nina jirani anaimeza kila akila maharage.

Kliniki zetu zimetupa msemo mmoja ambao naukubali kwa mambo mengine, maudhi madogomadogo. Tumeuzoea kwenye uzazi wa mpango na ARV, na ulifanya kazi nzuri: kichefuchefu kidogo, ndoto za ajabu, vumilia, yatapita. Lakini msemo huo umeingia kwenye afya ya akili bila kubisha hodi. Hakuna kidogo kwenye mdomo ambao mtu anauficha kwa khanga mbele ya wajukuu. Na hili halipiti lenyewe kwa kuvumilia. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo uwezekano wa kupona unavyopungua. Mgonjwa anastahili kuambiwa siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida: mama, dawa hii itatuliza sauti, na inaweza siku za mbele kuchezesha ulimi wako, ukiona au wakiona nyumbani njoo utuambie. Naambiwa wataikimbia dawa wakielezwa hivyo. Wapo watakaokimbia. Lakini wale wanaoigundua wenyewe baada ya miaka kumi hukimbia na familia nzima, moja kwa moja mpaka kwa mganga.

Ukiwa umesoma mpaka hapa na kuna sindano ya mwezi nyumbani kwako, usiisitishe. Kuikata ghafla kunaweza kuupandisha ugonjwa wenyewe na kuipandisha miondoko pia. Ni kazi ya daktari kuamua kama dozi ishushwe polepole, kama mgonjwa ahamishiwe risperidoni, au klozapini, ambayo haileti sana shida hii ila inadai vipimo vya damu mara kwa mara kwa kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe. Zipo pia dawa za kutibu tadivu yenyewe. Valbenazini na deutetrabenazini ziliidhinishwa Marekani mwaka 2017, na bei yake kule ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, kwa hiyo nimezitaja ili mjue zipo. Wewe cha kufanya ni rahisi zaidi: chukua simu, mwombe ruhusa, mrekodi dakika moja akiwa amekaa na dakika moja akipeta mchele. Andika tarehe. Peleka kliniki, na ukiwa Tanzania uliza taarifa iende TMDA, mamlaka ya dawa, ukiwa Kenya iende Pharmacy and Poisons Board. Wanapokea taarifa za madhara ya dawa, na wasipoletewa watadhani hakuna.

Yule nesi alitupigia simu wiki mbili baadaye. Alikuwa amechapisha fomu ya AIMS kutoka kwenye kompyuta ya mtu. Akamketisha mama mdogo, akamwambia ashushe khanga, akamwambia aguse vidole. Kwenye kidole cha tatu ulimi ukatoka. Mama mdogo alikuwa anahesabu kwa sauti, hakuujua.

Daktari ameanza kumshusha dozi kidogokidogo, na Artane ameipunguza mpaka ikaisha. Mwezi wa kwanza mdomo ulizidi, kama tulivyoonywa. Mjomba akaja na kusema alituambia mapema. Nikampa ile karatasi: taya 3, ulimi 3, midomo 2, mikono 1, tarehe, sahihi. Aliishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaisoma mpaka chini, akauliza hizo namba zitapimwa tena lini. Nikamwambia Machi. Akairudisha mezani na kumwomba mama mdogo chai.